Pamba Amekula

Chonyonyo, Karagwe
9 Februari 1992

Mpwa wangu Therese,

Huku kwetu tunapumua, mvua inanyesha kwa adabu, migomba imeinama kwa mikungu, na mjomba wako bado ni yule yule. Barua hii naipeleka kwa lori la Abdallah, yule mwenye duka pale Kayanga, maana posta siku hizi inatembea kwa magoti.

Nina habari za Pamba, sungura wako uliyeniachia ulipokwenda chuo. Hajafa. Nimeanza na hilo ili usiiangushe barua.

Alishika mimba. Usiniulize kwanza, nakueleza. Kulikuja sungura wa porini, dume, kiasi cha mbuzi anayeachishwa ziwa, ameshuka kutoka vilima vya Rugu. Nilimwona kwa macho yangu haya akiruka ua. Nikamrushia panga, akaliinamia likapita, kisha akageuka akanitazama kama balozi wa nyumba kumi. Mpaka nafika bandani, kazi ilikuwa imekwisha.

Siku ya kuzaa mtoto akakwama. Nikampakata Pamba, nikaenda mbio hadi Kayanga kwa Daktari Gaudiosus wa mifugo. Akamvuta mtoto, akatoka mfu, na wenzake vilevile. Mama yao akabaki. Daktari anasema nyonga zake ni finyu, akishika mimba nyingine hatapona, tena kizazi kimeanza kutoa uchafu. Anataka kumpasua akitoe kizazi chote, akishapata nguvu kidogo.

Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Daktari, hii Karagwe nimehasi mafahali mpaka mkono ukaota sugu. Fahali wa mzee Ndyamukama nilimhasi amesimama, anacheua, hakujua mpaka jioni. Lakini jike! Jike anahasiwa wapi?"

Akanijibu, "Ndiyo maana, mzee Karekezi, hiyo nitaifanya mimi."

Basi sungura ni wako. Sema neno.

Ni mimi mjomba wako, mfugaji anayejulikana,
Karekezi


Bukoba
16 Februari 1992

Shikamoo mjomba,

Nimeipata barua. Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Mjomba, sungura wa porini hazai na sungura wa kufugwa. Hata wakiishi banda moja mpaka wazeeke. Tumefundishwa hapa, na hata tusingefundishwa, ningejiuliza lile dume lako la madoadoa lilikuwa wapi siku hiyo. Nilikuomba jambo moja tu nilipoondoka, kwamba wasikutane. Sitaki kuuliza zaidi.

Apasuliwe. Daktari Gaudiosus namwamini, ni yeye aliyeniambia nije kusoma mifugo. Ila matayarisho yako mikononi mwako, kwa hiyo nakuomba usome hapa polepole.

Mtenge na dume kabisa. Usimbadilishie chakula: matembele na majani yale yale aliyozoea. Na hili ndilo kubwa: ASIFUNGE KULA. Ale usiku, ale asubuhi, ale mpaka mnatoka nyumbani, na mchukue majani yake mwende nayo. Sungura hatapiki kama mtu, na utumbo wake ukisimama hauanzi tena kirahisi. Wengi hawafi kwa kisu, wanakufa kwa njaa baada ya kisu.

Akirudi, mlaze kwenye kitambaa safi kikavu, pasiwe na baridi, asiruke juu ya vitu, asilambe nyuzi. Siku hiyohiyo mjaribuni kumlisha. Angalieni kama anapata choo. Asipokula, mrudisheni kwa daktari, msingoje.

Unajua mjomba kwa nini nasema sana. Mwaka ule baba alipofariki na mimi nikaacha shule, Pamba alikuwa kiasi cha yai, mama yake ameliwa na kicheche. Nilimnywesha maziwa kwa ncha ya kitambaa. Watu wote walikuwa wananiambia nile, nami nilikuwa sili. Nilianza kula ili nipate nguvu ya kumlisha yeye. Sijawahi kumwambia mtu hilo, nakuambia wewe.

Msalimie sana mkaza mjomba.

Therese


Chonyonyo
2 Machi 1992

Mpwa wangu, Daktari mtarajiwa,

Kesho Jumanne ndiyo siku. Ungekuwapo ungedhani tunamwoza Pamba. Nimemtengenezea sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, fundi yeyote wa Kayanga akiliona ataficha randa yake. Nimemtenga na dume, nimefagia banda, nimemchana manyoya kwa kitana changu mwenyewe. Mkaza mjomba wako Eustadia anasema sijawahi kumchana yeye.

Kuhusu dume la madoadoa, mbao za banda zilikuwa zimelegea. Tuache hapo.

Sasa, barua yako nimeisoma, tena kwa sauti. Yote nimeyafuata isipokuwa mahali pamoja, ambapo nimekusahihisha. Usione vibaya, nyie mnasoma vitabuni, mimi nimelala kwenye meza yenyewe. Nilipopasuliwa ngiri kule misheni, yule sista alininyima kula tangu jana yake, hata maji. Nikamwomba kandizi kamoja, akasema, "Karekezi, ukila utakufa mezani." Nami nikatii, ndiyo maana nipo. Tena dawa ya usingizi haikunishika, nilikuwa macho wananipasua, nikamwambia daktari sogeza kisu kushoto kidogo, akanishukuru.

Kwa hiyo Pamba nimemwondolea chakula tangu mchana. Majani yote nimetoa bandani, na maji pia. Anakwaruza mbao, anataka kula, lakini namwambia vumilia, binti yangu, mimi nimepitia. Eustadia alitaka kumpenyezea tembele nikampokonya. Nimekaa mlangoni kumlinda.

Kesho Abdallah anateremka Bukoba, barua hii utaipata upesi. Usihofu kitu, yuko mikononi mwa mzoefu.

Ni mimi mjomba wako, aliyepasuliwa akaamka,
Karekezi


Bukoba
4 Machi 1992

Mjomba,

Barua yako nimeipata sasa hivi na lori linageuza. Naandika juu ya goti.

Najua amekwisha kupasuliwa. Nenda kwa Daktari Gaudiosus umwambie kwamba Pamba alifungishwa kula tangu Jumatatu mchana. Mwambie hivyo hivyo, bila kupunguza. Kama hajui, atadhani ni usingizi wa dawa tu na atawaambia mngoje. Msingoje. Nakupigia magoti, mjomba. Nenda tu.

Therese


Chonyonyo
4 Machi 1992

Mpwa wangu mpendwa,

Furahi! Imekwisha, na imekwenda kama maji.

Tulifika Kayanga mapema, mimi na Eustadia. Watu wakasimama kutazama sanduku. Mmoja akauliza kama nimebeba redio. Daktari akamnyoa Pamba tumbo, akamchoma sindano, akalala kama mtoto wa kanisani. Mimi niliambiwa nishike taa ya mkono. Sikutetemeka. Muuguzi wake alizimia kwa kuona damu, ikabidi nishike taa kwa mkono mmoja na muuguzi kwa mkono wa pili. Nyuzi zimeshonwa vizuri, ukiziona utadhani kikapu cha Kinyarwanda. Tukarudi naye akiwa macho, amefungwa kwenye kanga ya mkaza mjomba wako.

Hali yake ni nzuri. Amelala. Anapenda kulala.

Sasa kuna barua niliyokuandikia Jumatatu. Kama haijafika usiifungue, na kama imefika, ujue nilikuwa natania. Mambo yale ya kumwondolea chakula ni utani wa mjomba kwa mpwa, unanijua. Alikula. Daktari mwenyewe aliniuliza kabla ya kuanza, "Mzee, amekula asubuhi hii?" Nikamwambia, "Pamba amekula, daktari, tena amekula mpaka nikamhurumia." Akasema, "Vizuri sana, wengi wananiletea sungura waliofungishwa, nawarudisha nyumbani." Akacheka. Mimi pia nilicheka.

Kwa hiyo alikula. Sijui kwa nini nalirudia, ni kwa sababu karatasi bado ina nafasi.

Leo hajagusa majani yake. Ni uchovu. Hata mimi baada ya ngiri sikutamani kitu, nilitamani pombe ya rubisi tu, nikanyimwa. Kesho atakula.

Mjomba wako,
Karekezi


Chonyonyo
5 Machi 1992

Mwanangu Therese,

Mimi ni mkaza mjomba wako Eustadia. Mwandiko wangu unaujua, nivumilie.

Pamba hali. Tangu tumerudi ametafuna jani moja akaliachia nusu. Choo hapati. Amejikunja pembeni anasaga meno, na masikio yake ni baridi. Mimi nilikuwapo kwa daktari. Mjomba wako alisema amekula na mimi nikanyamaza. Mume akiongea mbele ya watu, mimi nitasemaje? Lakini ndivyo nilivyofanya, nilinyamaza, nami sasa kila nikimtazama yule mnyama naona haya.

Barua yako ya jana imeletwa leo adhuhuri. Ameisoma amesimama mlangoni. Akaikunja, akaifungua tena. Nikamwuliza, "Therese anasemaje?" Akasema, "Anasalimia." Nikamwambia, "Baba Bonifasi, watu hawasalimii hivyo, umebadilika rangi."

Akaenda migombani, akarudi. Akaketi karibu na Pamba akamwekea tembele mdomoni, likaanguka. Akamwekea tena.

Sasa hivi naandika, amemfunga kwenye koti lake lile la sikukuu, ametoka. Baiskeli ameiacha, nadhani anaogopa kumtikisa. Sijui anakwenda kwa daktari au anakwenda wapi. Hakusema.

Tuombe.

Mama Bonifasi,
Eustadia


Chonyonyo
9 Machi 1992

Therese,

Shikamoo yako niliyokuwa naipokea kila barua, safari ile hukuiandika. Niliitafuta. Nikaona sawa.

Alhamisi nilikwenda Kayanga. Nilitembea polepole. Njiani nilitunga mambo mawili ya kumwambia daktari. La kwanza kwamba Pamba amekula sumu. La pili kwamba Eustadia alimsahau. Hilo la pili nilikuwa nimelipenda zaidi, ujue na hilo.

Kwa daktari kulikuwa na watu. Kahigi alikuwapo na mbuzi wake. Aliponiona akapaza sauti, "Karekezi! Leo umekuja na nini kotini, chui?" Watu wakacheka, wakanipisha wasikie. Daktari akatoka. Akamtazama Pamba, akambonyeza tumbo, akasema, "Bado ni dawa, mzee, mpe mpaka Jumamosi." Ningeweza kurudi nyumbani na neno hilo, lingekuwa neno lake na siyo langu.

Nikasema, "Daktari, hakula. Siku ile nilikudanganya. Nilimfungisha tangu Jumatatu mchana, na aliyenikataza kwa maandishi ni mtoto aliyekwenda shule."

Wote wakanitazama. Hata yule mbuzi. Kahigi akasema, "Haa." Tu.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Ungeniambia siku ile, mzee, ningewarudisha nyumbani mkaja siku nyingine, yasingekuwapo haya." Akamwingiza ndani haraka. Akamchoma maji chini ya ngozi, akampa dawa ya maumivu, akanionyesha kusaga majani na maji yakawa uji, na kumnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni ya mdomo. Akaniambia nimsugue tumbo pole pole na nimtembeze asijikunje.

Nimefanya hivyo tangu siku ile. Eustadia anasaga, mimi nanywesha. Jumamosi asubuhi Eustadia alikuwa ametandika nyasi mbichi sebuleni kwa ajili ya wageni wa jumuiya. Nikamweka Pamba chini nimpumzishe. Akanusa. Akavuta unyasi mmoja, akautafuna wote, akavuta mwingine. Mchana akapata choo, kimoja, kidogo kama mbegu ya papai. Nilimwita Eustadia aje aone. Nimetazama mambo mengi, lakini sijawahi kupiga magoti mbele ya kinyesi.

Anakula sasa. Si kama zamani, lakini anakula.

Na lile dume la Rugu halikuwapo. Tulikuwa tunakunywa kilabuni kwa Harerimana, akasema sungura wa wanawake hawana faida. Nikajigamba kwamba mwaka huu nitaleta mnadani sungura weupe kama pamba mpaka watu wakodoe macho. Nikarudi nyumbani, nikafungua kizimba, nikamwingizia dume kwa mkono wangu. Watoto wale waliotoka wafu nimewazika nyuma ya jiko. Sikukuambia.

Na jambo lile uliloniambia la mwaka baba yako alipofariki, nilikuwa nimelisoma kabla ya kumnyima chakula. Nililisoma lote.

Karekezi


Bukoba
15 Machi 1992

Shikamoo mjomba,

Ahsante kwa kwenda. Daktari Gaudiosus ameniandikia, anasema ungechelewa siku moja Pamba asingekuwapo. Kwa hiyo amepona kwa miguu yako, hilo nalishika.

Nyuzi zikitolewa na akiwa na nguvu ya safari, naomba umpeleke Bugomora kwa mama. Mama ana banda dogo karibu na jiko. Nimekwisha kumwandikia.

Sijakukasirikia. Ningekuwa nimekasirika ningesubiri hasira ziishe, ningemwacha kwako. Ila kila nikilala na kujua yuko hapo, nitakuwa najiuliza barua yako ina nini ndani. Siwezi kusoma hivyo, mjomba, na mtihani uko karibu.

Wewe bado ni mjomba wangu. Likizo nitaanzia Chonyonyo.

Therese


Bugomora
29 Machi 1992

Therese, mwanangu,

Naandikia hapa hapa kwa mama yako, ili akutumie kwa mkono wa watu wa kahawa. Tulipanda lori hadi Kaisho, kisha nikamalizia kwa miguu. Pamba amefika mzima, kidonda kimefunga, manyoya ya tumboni yanarudi. Nimemwambia dada yangu Mukandekezi kila kitu anachokula, kwamba asinyimwe kwa sababu yoyote, na mtu yeyote akisema anajua zaidi, hata akiwa mimi, amfukuze.

Baada ya kunawa na kula, dada akaniambia, "Pole kwa siafu, kaka."

Nikauliza, "Siafu gani?"

Akasema, "Therese ameniandikia. Siafu walioingia bandani kwako kwa safu, wewe ukapigana nao kwa majivu ya moto mpaka ukaungua mikono ukimtoa Pamba. Ndiyo maana anamhamishia huku, kwako hawaishi kurudi. Hebu nione mikono."

Nikaitazama mikono yangu. Haina kitu.

Therese, ilikuwa hadithi nzuri. Majivu ya moto, hata mimi nisingeyakumbuka. Nilijua kwa nini umeitunga. Hukutaka nione haya mbele ya dada yangu mdogo. Na shemeji zake walikuwa wameketi pale, wananitazama wanasubiri nianze, maana wanajua nikianza siishi. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nilishaliona lile kundi la siafu linapanda mlango.

Nikasema, "Dada, hakukuwa na siafu. Nilimnyima chakula siku ya kupasuliwa, nikamdanganya daktari, akakaribia kufa. Therese ananificha."

Hakuna aliyecheka. Mama yako akakusanya sahani, akarudi akasimama mlangoni akaniuliza, "Mtoto huyu hakuwa na uongo. Ameutoa wapi?"

Aliuliza taratibu tu, bila ukali. Anajua ulilelewa miaka mingapi nyumbani kwangu, ukikaa karibu na kigoda changu, unasikiliza.

Nilikuwa nadhani ulikuwa unacheka tu.

Nakuomba jambo moja, sina haki ya kuomba lakini naomba. Usinifunike tena. Mtu akikuuliza habari zangu na Pamba, mwambie nilivyofanya.

Mjomba wako,
Karekezi